Kabla hujatia fedha za korosho kwenye vyura, piga hesabu ya taa

MSIMU wa korosho unapokaribia mwisho na malipo ya minada kuingia benki, Tandahimba hujaa mipango. Wapo wanaonunua pikipiki, wapo wanaoezeka nyumba kwa bati, na wapo wanaotafuta biashara mpya ambayo jirani bado hajaianza. Ni katika kipindi hicho ndipo kijana mmoja, mkulima wa korosho mwenye kibanda cha kuchaji simu, aliponifuata akiwa na simu yake mkononi.

"Mtaalamu, hebu tazama hii," aliniambia.

Ilikuwa picha ya sebule huko Ulaya. Pembeni palikuwa na sanduku la kioo lenye majani mabichi, taa juu yake, na vyura watatu wadogo wamejibandika kwenye kijiti.

"Hawa si ndio wanaolia huku kwetu mvua zikianza? Wenzetu wanawanunua kwa fedha nyingi. Mimi nawapata bure. Nikitengeneza masanduku kumi, si nimeshatoka?"

Swali lake halikuwa la kuchekwa. Ni kweli kwamba katika uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, mvua za kwanza zikinyesha vyura wa miti huanza kulia kuzunguka madimbwi. Yupo hata yule anayeacha povu jeupe kwenye tawi lililoinamia maji. Ndani ya povu hilo kuna mayai, na viluwiluwi wakishakuwa tayari hudondokea majini. Chura huyo hatozwi bei na mtu.

Lakini anayemweka chura ndani ya kioo inambidi amnunulie mvua, jua na usiku. Gharama iko hapo, na ndiyo tutakayoitazama leo.

Funzo kutoka Kihansi

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Nchi yetu ina kisa chake, tena kikubwa.

Mwaka 1996, katika korongo la Mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, watafiti walimgundua chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefikia urefu wa sentimita tatu, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto. Aliishi katika eneo dogo tu lililokuwa likiloweshwa saa zote na manyunyu ya maporomoko ya maji. Wakati huo mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa ukijengwa mahali hapo. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua na makazi ya chura yakaanza kukauka.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani ili watunzwe katika bustani za wanyama. Huku korongoni yaliwekwa mabomba ya kunyunyiza maji. Mwaka 2003 idadi ya vyura porini ilikadiriwa kufikia 20,000 hivi, kisha ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu uitwao kitridi, unaoshambulia ngozi ya vyura, ukawa miongoni mwa watuhumiwa wakuu. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Waliobaki ni wale wa kwenye masanduku ya kioo. Nao walikuwa hatarini, kwa sababu katika miaka ya mwanzo walikufa wengi hadi wakabaki chini ya 100. Wataalamu wa bustani za Bronx na Toledo walihangaika na kila kitu: unyevu, joto, minyoo, vitamini katika chakula, na taa zinazotoa mionzi kama ya jua. Mambo hayo yalipokaa sawa, vyura waliongezeka hadi kufikia maelfu. Agosti 2010 vyura 100 walirejeshwa nchini na kuwekwa katika maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Desemba 2012 vyura 2,000 hivi walirudishwa korongoni Kihansi.

Ndugu msomaji, wale walikuwa madaktari wa mifugo na watafiti wenye fedha na vifaa, na bado karibu wawapoteze wote. Mkulima mwenye masanduku kumi na mtaji wa msimu mmoja ajiulize mara mbili.

Sanduku linavyoandaliwa

Kwa vyura wa miti wadogo watatu au wanne, sanduku huwa refu kwenda juu kuliko upana wake, kwa sababu vyura hawa hupanda. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 45 kwa 45 kwa upana na kina, na 60 kwenda juu. Mfuniko huwa wa wavu wa chuma ili hewa ipite.

Chini kabisa huwekwa changarawe safi kiasi cha sentimita tano ili maji ya ziada yashukie hapo. Juu yake hutandikwa kipande cha wavu, kisha makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo hushika unyevu bila kuoza upesi. Hufuata mimea, vijiti vya kupandia na bakuli la maji lisilo na kina kirefu.

Maji yanataka uangalifu. Ngozi ya chura hupitisha maji na chochote kilichomo ndani yake. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini humdhuru. Ya mvua ni bora, lakini kwetu kuna jambo la kuangalia: wakati wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, vumbi lake hutua hata kwenye bati. Maji ya mvua ya kwanza yanayotoka kwenye bati la namna hiyo hayafai kwa chura.

Sanduku hunyunyiziwa maji asubuhi na jioni, na kati ya hapo huachwa likauke kidogo. Likilowa saa zote huota ukungu. Chakula ni wadudu wadogo walio hai kama nyenje, waliopakwa unga wa kalsiamu na vitamini. Hii ina maana kwamba mfugaji wa vyura ni mfugaji wa nyenje pia, na nyenje nao wanataka chombo, chakula na usafi wao.

Taa: hapa wengi hukosea

Watu hudhani kwamba taa ni pambo la kumwonyesha mgeni. Sivyo. Taa hufanya kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kumjulisha chura mchana na usiku. Huwashwa saa 12 na kuzimwa saa 12. Vyura wengi wa miti hutoka kutafuta chakula usiku, hivyo taa ikiachwa ikiwaka usiku kucha, chura hujificha, hali, na hudhoofika.

Kazi ya pili ni kukuza mimea iliyomo ndani. Taa ya LED yenye mwanga mweupe inatosha.

Kazi ya tatu ni kutoa mionzi ya UVB, ambayo humwezesha mnyama kutengeneza vitamini D na kutumia kalsiamu kujenga mifupa. Chura akiikosa na chakula chake kikawa hafifu, mifupa hulegea. Mionzi hii haipiti vizuri kwenye kioo cha kawaida, kwa hiyo kuweka sanduku karibu na dirisha la kioo hakusaidii. Taa hukaa juu ya mfuniko wa wavu, na ndani lazima pawepo majani ya kutosha ili chura achague mwenyewe mwanga au kivuli. Tena taa hizi huchakaa bila kuonyesha dalili. Jicho litaiona inawaka vizuri kumbe mionzi imekwisha, ndiyo maana hubadilishwa baada ya miezi sita hadi 12.

Balbu za zamani zinazotoa joto hazifai kwa hali yetu. Sanduku la kioo hupata joto haraka, na wengi wa vyura hawa hustawi kati ya nyuzi 22 na 28 mchana, na chini kidogo usiku.

Hesabu yenyewe

Chukua taa moja ya UVB ya wati 26 na ya LED ya wati 10. Jumla ni wati 36. Zikiwaka saa 12 kwa siku, zinatumia uniti 0.43 kila siku, sawa na uniti 13 kwa mwezi. Kwa mteja wa matumizi madogo, asiyetakiwa kuzidi uniti 75 kwa mwezi, sanduku moja linakula zaidi ya sehemu moja ya sita ya kiwango chake. Masanduku sita yanamaliza uniti 75 zote na kupita, kabla hajawasha redio. Masanduku kumi ya kijana wetu yanahitaji uniti 130.

Ongeza kioo, wavu, taa za kubadilisha kila mwaka, unga wa vitamini na mtu wa kunyunyiza maji asubuhi na jioni. Kisha toa vyura watakaokufa. Weka jumla hiyo upande mmoja wa daftari, na upande wa pili uandike jina la mnunuzi wako. Kijana wetu upande huo aliuacha mtupu.

Sheria inasemaje

Upande huo ni mtupu kwa sababu. Chura wa porini ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayetaka kumkamata, kumfuga au kumfanyia biashara. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kumaliza wanyama waliobaki mikononi mwao, likasitishwa mara moja. Mtu akikuambia ana soko la nje na anataka umkusanyie vyura, mwombe kwanza akuonyeshe kibali, kisha upeleke nakala yake kwa ofisa wanyamapori wa wilaya kabla hujashika hata kiluwiluwi.

Shule au chuo kinachotaka sanduku la kufundishia nacho kianzie kwa ofisa huyo. Na chura aliyekaa ndani ya kioo asirudishwe dimbwini kiholela, kwani anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake.

Faida iliyopo tayari

Chura aliyeko shambani anakula wadudu kila usiku na haulizi bili ya umeme. Anachodai ni dimbwi safi. Hivyo bomba la kupulizia dawa lisioshwe kwenye madimbwi na visima, na makopo ya viuatilifu yasitupwe huko. Maji hayo ndiyo wanayokunywa pia mbuzi wetu, na mahali pengine hata watoto.

Na kwa anayependa kazi ya taa na sanduku, yupo mnyama mwenye soko hapa hapa Tandahimba: kifaranga. Naye hutaka joto lililopimwa, pakavu na hewa, na akilelewa ndani bila jua huhitaji vitamini D katika chakula, kama chura. Tofauti ni kwamba mnunuzi wake anajulikana, na hahitaji kibali cha wanyamapori.

Yule kijana alirudi baada ya siku tatu na daftari lake. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe, na ya kwake ilikuwa kali kuliko yangu, kwa sababu alikumbuka kuweka siku ambazo umeme hukatika.

"Kumbe chura ni wa bure, ila jua ndilo la kununua," alisema.

Fedha zake bado ziko benki. Kwa sasa anauliza bei ya vifaranga.

Mwandishi wa makala hii ni mchumi wa kilimo.