Nane, Tisa, Tatu: Hesabu Asiyoijua Mcheza Kamari

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Majuzi mpwa wangu alinijia ameinamisha kichwa. Karo ya muhula aliyopewa na mamake ilikuwa imeteketea yote katika kamari ya simu, naye alitaka nimkopeshe nyingine ili apate kuikomboa ile ya kwanza. Sikumgombeza. Nilimketisha mezani, nikatoa karata na bakuli la maharagwe, nikamfunza mchezo wa kamari wa Wajapani uitwao Oicho-Kabu.

Huenda msomaji akauliza: ya Wajapani yatuhusu nini? Naam, yatuhusu. Neno letu karata na neno lao karuta ni ndugu, kwani yote mawili asili yake ni Kireno. Mabaharia wa Ureno walifika Mombasa mwaka wa 1498 na Japani mwaka wa 1543, na kote huko karata zao zilibaki.

Kanuni zenyewe ni nyepesi. Karata ni 40, zenye namba moja hadi kumi, kila namba mara nne. Asiye na karata za Kijapani hutumia hizi zetu, akaziondoa zenye picha za watu na kuihesabu ree kuwa moja. Mchezaji huweka dau juu ya karata moja, mgawaji humwongezea ya pili, kisha mchezaji huamua: atulie, ama aombe ya tatu. Karata hujumlishwa na makumi hutupwa. Kwa hiyo 15 ni 5, 12 ni 2, na 20 ni sifuri. Jumla iliyo bora ni 9. Mchezaji na mgawaji wakilingana, kwa kawaida mgawaji ndiye hutwaa dau.

Tulicheza kwa maharagwe. Mara mpwa wangu akapata nane na tisa, yaani 17, ambayo ni 7. "Niongeze, mjomba!" Nikamwambia ahesabu kwanza. Ukiondoa hizo mbili, zimesalia karata 38. Za kumfaa ni nane tu, yaani moja nne na mbili nne. Kumi nne hazibadilishi kitu. Zote 26 zinazobaki zitamharibia. Alizihesabu kwa vidole, akakiri ni kweli, kisha akasema tena, "Niongeze." Ikaja sita. Jumla 23, yaani 3, nami nikayazoa maharagwe yake.

Lau ingekuja tatu, angebaki na sifuri. Nane, tisa na tatu Wajapani huzitamka ya, ku, za, na inasemekana huko ndiko lilikotoka jina yakuza, la yale magenge ya wahalifu yanayojulikana duniani kote. Baadhi ya mizizi ya magenge hayo ni wacheza kamari waliozurura Japani kabla ya mwaka wa 1868. Waama, watu hao walibeba jina la karata zisizo na thamani.

Sisemi mchezo huo ni mwema. Lakini una insafu moja: kabla ya karata ya tatu, husimama ukamuuliza mtu kama ametosheka. Kamari ya simu haina swali hilo. Imo mfukoni usiku na mchana, na pesa huondoka bila kuonekana zikitoka mkononi. Maharagwe yalipokwisha, kijana aliliona bakuli tupu.

Wako wanaodai dawa ni kupiga marufuku. Sheria ya adhabu ya Japani ya mwaka wa 1907 inaikataza kamari, ila ile iliyoruhusiwa kwa sheria nyingine kama vile mbio za farasi, na bado ya kichinichini haikukoma. Kwa maoni yangu, sheria iwepo, lakini wazazi na walimu nao wawafunze vijana hesabu ya kamari kama wanavyowafunza hesabu ya duka. Anayejua kwamba karata 26 kati ya 38 ni adui yake, angalau haingii vitani akiwa kipofu.

Ama karo, sikumpa mkononi. Niliandamana naye hadi kwa dada yangu, akayasema mwenyewe kwa kinywa chake.