Nobu, Filta na Uvumi: Kweli au Si Kweli?

Katika makanisa ya Lanet na Free Area, harusi za Njoro na Molo, na studio za chumba kimoja katikati ya Nakuru, mpiga kinanda wa leo mara nyingi huja na laptopu, sintesaiza ya programu na kontrola ndogo ya MIDI yenye nobu chache. Maombi yakianza, hushikilia noti tatu au nne kwa muda mrefu, kisha hufungua filta polepole ili sauti nzito izidi kung'aa. Filta ikifunguka kwa kukwamakwama, waumini wote wanasikia.

Hapo ndipo ushauri humiminika: nunua kontrola kubwa, badilisha waya, tupa programu ya bure. Ushauri huo umewagharimu vijana wengi pesa walizozitafuta kwa jasho, ilhali tatizo mara nyingi huwa kwenye mipangilio ambayo haina bei. Haya hapa madai saba, kila moja na jibu lake.

Dai la 1: Kontrola ya bei ghali ndiyo huleta mwendo laini.

Si kweli. Kiwango cha MIDI kilitolewa mwaka 1983, baada ya Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland kusukuma wazo la vinanda vya kampuni tofauti kuelewana. Tangu wakati huo, ujumbe wa kawaida wa nobu hubeba nambari kuanzia 0 hadi 127, yaani ngazi 128. Nobu ya kontrola ndogo iliyonunuliwa kwa mkono wa pili na ile ya kontrola kubwa ya studio hutuma ngazi hizo hizo zikitumia ujumbe huo. Nobu nzuri huzunguka kwa utulivu zaidi na kudumu miaka mingi, na hilo lina thamani kwa vidole. Lakini halikuongezei hata ngazi moja.

Dai la 2: Ngazi 128 hazitoshi kuendesha filta.

Kweli nusu. Sikio la binadamu husikia kuanzia karibu hezi 20 hadi hezi 20,000, upana wa takriban oktava kumi. Ukigawa oktava hizo kwa ngazi za nobu, kila ngazi inasogeza kikomo cha filta, yaani pale inapoanza kukata sauti, kwa karibu nusu toni nzima. Resonansi, yaani msisitizo wa sauti pale kwenye kikomo, ikiwa juu, filta hupiga mluzi hapo, na nusu toni ni hatua ambayo sikio lolote linaitambua. Ndiyo maana unasikia kama mtu anapanda ngazi.

Dawa ni kupunguza upana. Sauti ya kusindikiza maombi haihitaji oktava zote kumi. Ipangie nobu yako ianzie hezi 200 na kuishia hezi 4,000, na kila ngazi itakuwa chini kidogo ya robo toni. Ableton Live ina sehemu ya kuandika kima cha chini na cha juu cha kila nobu uliyoiunganisha, na FL Studio hukuruhusu kubadilisha uhusiano huo kwa fomula. Mzunguko ule ule wa mkono sasa unafanya kazi kwa umakini zaidi ya mara mbili, wala hujatumia shilingi.

Dai la 3: Ukigawanya hezi sawasawa kwenye nobu, filta itafunguka sawasawa.

Si kweli, na hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi nzuri. Sikio halihesabu hezi kwa kujumlisha. Huzihesabu kwa kuzidisha. Kutoka hezi 220 hadi 440 ni oktava moja, na kutoka 440 hadi 880 ni oktava moja vilevile, ingawa hezi zilizoongezeka ni maradufu.

Tazama kinachotokea ukigawanya hezi 20 hadi 20,000 kwa mafungu yaliyo sawa. Kila ngazi inakuwa karibu hezi 157. Ngazi ya kwanza kabisa inakurusha kutoka hezi 20 hadi 177, zaidi ya oktava tatu kwa mguso mmoja. Ngazi za mwisho, kinyume chake, hazisikiki kabisa. Mpigaji hulalamika kwamba filta inafunguka yote mwanzoni, kisha nobu inakuwa kama imekufa. Unachohitaji ni mkunjo wa logarithimu, ambao kila ngazi huzidisha hezi kwa kiasi kile kile. Sintesaiza nyingi hupanga kikomo cha filta hivyo zenyewe. Hitilafu huingia mtu anapoweka fomula yake juu ya mpangilio huo, au anapotumia kifaa kinachogawanya hezi sawasawa. Kagua mkunjo kabla ya kulaumu nobu.

Dai la 4: Kadiri unavyolainisha zaidi, ndivyo inavyokuwa bora.

Si kweli. Kulainisha ni kazi ya programu: nobu ikiruka kutoka 60 hadi 61, programu haiendi huko ghafla, bali husogea kidogo kidogo hadi ifike. Bila hatua hiyo, mabadiliko ya ghafla yakifuatana kwa kasi huzaa mkwaruzo kama wa zipu inayofungwa, na noti ndefu zilizotulia ndizo huufichua kuliko zote.

Lakini kila ulainishaji ni ucheleweshaji. Milisekunde 20 hadi 50 mara nyingi huondoa mkwaruzo na mkono usihisi kitu. Kwenye ibada unaweza kwenda mbali zaidi, kwa sababu filta inafunguka kwa sekunde nyingi. Kwenye wimbo wa kucheza wenye mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo moja ni milisekunde 125 tu. Ukilainisha kwa milisekunde 200, filta itafika pigo likiwa limeshapita, na wachezaji watahisi uzito bila kujua unatoka wapi. Surge XT, sintesaiza ya bure yenye msimbo wazi, ina menyu ya kuchagua jinsi ishara za MIDI zinavyolainishwa. Programu ya bure kwa hiyo si programu duni.

Dai la 5: Lazima nobu ya filta itumie namba ya MIDI 74.

Kweli kwa sehemu. Kwa desturi, namba 74 ni ya ung'avu wa sauti na 71 ni ya resonansi, na vinanda vingi hufuata utaratibu huo. Ukizitumia, utahama kifaa kwa urahisi. Hata hivyo, programu nyingi hujifunza namba yoyote: bonyeza kidhibiti kwenye skrini, zungusha nobu, imekwisha.

Kuna namba za kuziepuka. Namba 64 ni ya kanyagio la kushikilia noti, 7 ni ya sauti ya juu na chini, na 120 hadi 127 zimetengewa amri za chaneli. Nobu iliyopewa namba 123 inaweza kuzima noti zote katikati ya maombi.

Dai la 6: Sauti ikiruka unapogusa nobu, au nobu ikicheza yenyewe, laptopu ina virusi.

Si kweli, na haya ni matatizo mawili tofauti.

Kuruka hutokea kwa sababu nobu na programu hazikubaliani. Stima ikipotea na kurudi, au ukibadilisha sauti, programu hufungua kikomo kilichohifadhiwa, tuseme 100, huku nobu yako ikiwa imeelekezwa kwenye 20. Ukiigusa tu, filta inaanguka. Washa mpangilio wa kuokota, unaopatikana Ableton Live na FL Studio pia: programu haitatii nobu hadi ipite pale thamani ilipo. Nobu zisizo na mwisho, zinazotuma "ongeza" au "punguza" badala ya mahali kamili, haziruki kabisa zikiungwa hivyo.

Nobu inayotuma 63, 64, 63 bila kuguswa ni suala la fundi. Ndani yake mna kisahani na mguso wa chuma, na vumbi la Nakuru la Januari na Februari huingia humo. Fungua dirisha linaloonyesha ujumbe wa MIDI uone. Zima kifaa, tumia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, zungusha nobu mara nyingi, ngoja ikauke. Baada ya ibada, ifunike.

Dai la 7: Waya wa MIDI ndio unaochelewesha, na MIDI 2.0 pekee ndiyo tiba.

Si kweli. Waya wa zamani wa MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na ujumbe mmoja wa nobu huchukua takriban milisekunde moja. Ucheleweshaji unaousikia kwa kawaida hutoka kwenye bafa ya sauti, yaani akiba ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzitoa: sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23. Punguza hadi 256 na utashuka hadi karibu milisekunde 6, mradi laptopu isianze kukatakata.

MIDI 2.0, iliyopitishwa mwaka 2020, inaipa nobu biti 32, na ngazi hazitasikika tena. Lakini kontrola, mfumo wa kompyuta na programu vyote lazima viielewe. Hata MIDI ya kwanza iliruhusu kuunganisha jumbe mbili kupata ngazi 16,384. Usisubiri kifaa kipya ili upige vizuri Jumapili ijayo.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: upana kwanza, mkunjo, ulainishaji, kuokota, kisha bafa. Ufanye wakati wa mazoezi, kupitia spika zile zile za kanisani, na uhifadhi. Uvumi huu unaendelea kwa sababu mafunzo hayajasambaa. Nairobi ina Santuri Electronic Music Academy, inayofundisha muziki wa elektroniki. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, ina wapiga kinanda wa kutosha kujaza darasa la aina hiyo, na makanisa yenye vyombo na kumbi tayari. Mchungaji au mwenye studio atakayetoa Jumamosi moja kwa mwezi atawaokolea vijana pesa nyingi kuliko duka lolote la vyombo.