Bakteria Rafiki na Chembe za Nano Katika Kitalu cha Mboga

Kambi yoyote yenye bustani inajua ya kwamba vita vya mboga huamuliwa kitaluni. Mche wa nyanya au kabichi uliotoka huko ukiwa dhaifu haupati nguvu shambani, hata ukimwagiliwa asubuhi na jioni. Kwa hiyo askari na polisi wanaolima Gitega na Muyinga hawana budi kuzipima habari za bakteria rafiki, na hizi mpya za chembe za nano, kabla fedha ya mesi haijatumika.

Udongo wa nyanda za juu za Burundi kwa sehemu kubwa ni wa asidi. Ndani yake alumini hudhuru ncha za mizizi, na fosforasi hushikwa na alumini na chuma hata mche ukaikosa. Dawa ya kwanza ni chokaa na samadi iliyooza vizuri. Bakteria hawachukui nafasi ya vitu hivyo, huja kuvisaidia.

Baadhi ya jamii za Bacillus na Pseudomonas huishi kandokando ya mizizi, huyeyusha sehemu ya fosforasi iliyofungwa, na hutoa vichocheo vinavyozidisha vinyweleo vya mizizi. Wengine huzuia kuvu wanaoozesha miche michanga. Lakini tahadhari! Rhizobiamu, ambao Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga mwaka 1888, huwapatia naitrojeni maharage na jamaa zake tu. Kabichi haifaidiki nao hivyo. Muuzaji husema "bakteria", mnunuzi naye husadiki.

Hali kadhalika wapo bakteria maadui. Ralstonia solanacearum huleta mnyauko wa nyanya na viazi, nao hauna tiba. Nyanya ikinyauka ghafula huku majani yangali mabichi, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize katika glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, adui yumo. Udongo wa mahali hapo usipelekwe kitaluni kamwe.

Ama chembe za nano, hizo hupimwa kwa nanometa, na nanometa 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Oksidi ya zinki ya namna hiyo, ikitumiwa kidogo sana, imewahi kuharakisha uotaji wa mbegu katika majaribio. Ikizidi ni sumu. Mwaka 2007 Daohui Lin na Baoshan Xing walionyesha ya kwamba miligramu 2,000 katika lita 1 ya maji zilikaribia kuikomesha kabisa mizizi ya figili, letusi na matango. Chembe za fedha, yaani madini, huua bakteria bila kubagua rafiki na adui. Kwa maoni yangu bidhaa hizo zibaki maabara kwanza.

Anayetaka kuwajaribu bakteria aandae matuta mawili yenye udongo, mbegu na maji sawasawa, moja tu litiwe bakteria. Mfuko wao usiachwe juani, wala usichanganywe na dawa ya shaba, kwani itawaua. Baada ya wiki 4 ang'oe miche 10 kila tuta, aoshe mizizi, apime urefu na kuandika daftarini.