Uzuri wa mkakasi hauuzi nyumba

Ukitaka kujua kama nyumba ni nzuri, usimwulize anayeishi ndani yake. Mwulize anayetaka kuinunua. Mwenye nyumba huiona rangi aliyoichagua mwenyewe, dari yenye taa za kila aina na kabati alilotengenezewa na seremala hodari wa Barabara ya Ngong. Mnunuzi naye huenda moja kwa moja bafuni, akafungua mfereji na kutega sikio.

Somo hili niliwaona majirani zangu wakilipata kwa uchungu. Walikuwa bwana na bibi wenye fleti ya vyumba vitatu vya kulala, orofa ya tatu, katika jengo tunamoishi mtaani South B, Nairobi. Walipoinunua ilikuwa imechakaa kidogo, nao wakaamua kuitengeneza upya. Walichukua mkopo katika chama cha ushirika, wakaongeza akiba yao yote na kuita mafundi. Ukuta uliotenganisha sebule na chumba kidogo cha kulala ulibomolewa ili sebule iwe pana kama ukumbi wa hoteli. Dari ilivishwa jipsamu na kutiwa taa za samawati na zambarau. Upande mmoja wa ukuta ulipakwa rangi nyekundu iliyokolea. Kila mgeni aliyeingia alisifu. Mimi mwenyewe nilisifu, na nikarudi kwangu nikimwambia mke wangu kwamba hata sisi ingefaa tufanye vivyo hivyo.

Kisha mambo yakageuka. Kampuni alikofanya kazi bwana huyo ilipunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwa walioachishwa. Mwaka huo huo binti yao wa kwanza akapata nafasi ya chuo kikuu. Walikata shauri kuiuza fleti, wanunue nyumba ya bei nafuu nje ya jiji, na pesa zitakazobaki zilipe karo.

Mnunuzi wa kwanza wa maana alikuwa mama mmoja muuguzi, aliyekuja na fundi wake. Nilikuwa nimeitwa kama jirani ili nimweleze mgeni habari za jengo na usalama wake. Mama huyo alizitazama zile taa mara moja tu. Alikwenda bafuni akafungua mfereji. Maji yakatoka membamba kama uzi. Akavuta maji ya choo, akasubiri tangi lijae huku akiangalia saa yake. Chumbani alimwomba fundi asogeze kabati la nguo, kisha akaupapasa ukuta uliokuwa nyuma yake. Rangi ikambandukia mkononi kama maganda ya kitunguu.

"Nisamehe mzee," akasema, "niliambiwa kuna vyumba vitatu. Cha tatu kiko wapi?"

"Tulikiunganisha na sebule, mama. Tulitaka nafasi."

"Mimi nina watoto wanne na ninaishi na mama mkwe," alijibu kwa upole. "Nafasi ninayotafuta ni ya vitanda."

Hakurudi. Waliomfuata walitaja bei ya fleti ya vyumba viwili, na wengine wakaipunguza zaidi wakidai kwamba wangelazimika kuanza kazi upya. Yule binti aliahirisha masomo yake kwa mwaka mzima.

BEI INA KIKOMO

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Majirani zangu hawakuwa wapumbavu. Walifanya tunayoyafanya wengi wetu, yaani kutengeneza nyumba kana kwamba hatutaihama hata siku moja. Lakini mjini watu huhama. Kazi hubadilika, watoto huongezeka, wazazi huugua. Kwa hivyo, hata kama huna nia ya kuuza, tengeneza nyumba yako ukimkumbuka mtu atakayekuja baada yako.

Jambo la kwanza ni kujua kwamba fleti haisimami peke yake kama nyumba iliyo katika ploti yake. Mnunuzi, na hata mthamini anayetumwa na benki, huangalia fleti nyingine za jengo hilo na za mtaa huo huuzwa pesa ngapi. Tuseme fleti kama yako huuzwa Sh7 milioni, nawe uliinunua yako kwa Sh6 milioni. Ukitumia Sh2 milioni kuipamba, usitarajie mtu akupe Sh8 milioni ilhali katika mlango wa pili atapata nyumba ya ukubwa ule ule kwa saba. Hiyo milioni iliyozidi utakuwa umemzawadia.

Basi kabla hujamwita fundi, zunguka kwanza. Zungumza na madalali, walinzi na majirani waliouza au kununua karibuni. Ukishajua bei ya mtaa wako, ndipo uamue utatumia kiasi gani.

Jambo la pili ni kutopunguza idadi ya vyumba vya kulala. Nairobi bei ya fleti hutajwa kwa vyumba. Fleti ya vitatu ikiwa ya viwili, imeshuka daraja, hata sebule ikiwa pana namna gani.

UKUTA SI WAKO PEKE YAKO

Isitoshe, kuna suala la sheria. Tangu Desemba 28, 2020 umiliki wa fleti nchini Kenya umekuwa chini ya sheria mpya iliyochukua mahali pa ile ya 1987. Kwa sheria hiyo, kila mwenye fleti anaweza kuwa na hatimiliki yake mwenyewe, na wenye fleti wote kwa pamoja huwa shirika moja linalosimamia sehemu za pamoja, kama vile ngazi na paa. Ukitaka kugusa ukuta unaobeba jengo, nguzo au bomba linalowahudumia wengine, unahitaji idhini ya wenzako kwa maandishi. Mabadiliko ya muundo wa jengo huhitaji pia kibali cha kaunti. Mwite mhandisi aliyesajiliwa akwambie ni ukuta upi unaoweza kuondolewa na upi usioguswa. Fundi mwenye nyundo hawezi kukuamulia hilo.

Majirani zangu hawakuwa na barua hata moja. Wakili wa mnunuzi mmoja alipouliza kibali cha kubomoa ukuta kiko wapi, mazungumzo yaliishia hapo. Na usidhani kwamba wanunuzi huwa na wasiwasi wa bure. Wakazi wa Nairobi hawajausahau usiku wa Aprili 29, 2016, jengo lilipoporomoka mtaani Huruma na kuua watu zaidi ya 40. Mtu akiona ufa au nguzo iliyochokorwa, huaga na kwenda zake.

ANZA NA KISICHOONEKANA

Ukiwa na pesa kidogo, ziweke penye maji na stima kabla ya kufikiria mapambo.

Katika majengo ya zamani mabomba mengi ni ya chuma. Chuma hicho hushika kutu kwa ndani, njia ya maji ikazidi kuwa nyembamba mwaka baada ya mwaka. Hiyo ndiyo sababu ya ule mfereji uliotoa maji kama uzi. Badilisha mabomba kabla ya kubandika vigae vipya, la sivyo utakuja kuvivunja vigae hivyo hivyo kulitafuta bomba lililopasuka. Na kwa kuwa maji ya Nairobi huja kwa zamu, fleti yenye tangi lake la akiba lililowekwa vizuri humvutia mnunuzi kuliko taa za zambarau.

Bafu linataka uangalifu zaidi. Kabla ya vigae, sakafu na sehemu ya chini ya kuta zipakwe dawa ya kuzuia maji, na sakafu iinamie upande wa shimo la kutolea maji. Kisha ijaribiwe. Liziba shimo hilo, mwaga maji yafunike sakafu, uyaache usiku na mchana, halafu ushuke umwombe jirani wa chini akuonyeshe dari yake. Ikiwa kavu, endelea na vigae. Chagua vigae visivyoteleza, kwani mnunuzi mwenye wazazi wazee au watoto wadogo atavikanyaga kwanza kabla ya kuvisifu.

Ukuta wenye unyevu usiupake rangi. Tafuta maji yanakotoka, rekebisha, kwangua lipu iliyooza, piga nyingine na uiache ikauke kabisa. Anayepaka rangi juu ya unyevu anaificha aibu kwa miezi michache tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ni ukuta hasa ninaouzungumzia.

Kuhusu stima, mwite fundi mwenye leseni. Shawa ya maji moto hula umeme mwingi, na inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye boksi la fyuzi, swichi yake na waya wa ardhini. Waya uliounganishwa na ule wa taa ni hatari kwa watoto wako leo, na kesho utamfukuza mnunuzi anayejua mambo.

JIKO, RANGI NA VITU VYA KUBEBA

Baada ya hayo, jiko ndilo linalofuata. Si lazima uwe na mawe ya bei ghali. Meza ya jikoni ikiwa na kimo cha sentimita 90 hivi na upana wa 60, mtu wa kawaida hupika bila kuumwa mgongo. Acha nafasi ya friji, soketi za kutosha mbali na sinki, na mahali pa mtungi wa gesi penye hewa. Bomba la mashine ya kufulia huwekwa kwa gharama ndogo wakati ukuta ungali wazi.

Usiifunge roshani kwa vioo ili upate chumba kingine. Familia ya mjini inahitaji mahali pa kuanika nguo na kupunga upepo, na chumba kisicho na dirisha la nje hakimdanganyi mtu.

Rangi ya kuta iwe nyeupe au ya maziwa. Najua wengine watasema haina ladha. Lakini rangi nyepesi huongeza mwanga, hufanya chumba kionekane kikubwa, na humruhusu mgeni kuwaza viti vyake mwenyewe hapo. Vigae vya sakafu viwe vya aina moja kutoka sebuleni hadi vyumbani, na uhifadhi katoni moja ya ziada, kwa sababu kikivunjika kimoja baada ya miaka mitano huenda usipate tena mfano wake dukani. Ladha yako iweke katika vitu unavyoweza kubeba: mapazia, zulia, picha, taa za mezani. Ukihama, utahama navyo.

TUNZA STAKABADHI

Wengi hutupa risiti za vifaa mara fundi anapomaliza kazi. Hiyo ni kutupa pesa. Kodi ya faida inayotokana na uuzaji wa mali ilirejeshwa nchini Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Hulipwa na muuzaji, nayo hutozwa faida wala si bei yote. Gharama ya kazi iliyoiongezea nyumba thamani hutolewa kwanza, mradi uwe na ushahidi.

Chukua mfano wa fleti iliyonunuliwa kwa Sh6 milioni na kuuzwa Sh8 milioni. Tukiacha gharama nyingine kama za wakili, faida ni Sh2 milioni na kodi yake ni Sh300,000. Lakini mwenyewe akionyesha stakabadhi za Sh600,000 alizotumia kuiboresha, faida inakuwa Sh1.4 milioni na kodi Sh210,000. Faili moja la karatasi limemwokolea Sh90,000. Aidha, mtu binafsi aliyeishi katika nyumba yake kwa miaka mitatu mfululizo hadi siku ya kuiuza husamehewa kodi hiyo, kwa hivyo hesabu tarehe zako vyema kabla ya kutia sahihi.

Majirani zangu hatimaye waliuza. Ilibidi waujenge tena ule ukuta, sasa kwa idhini, wabadilishe mabomba na kuipaka nyumba yote rangi nyeupe. Dari ya jipsamu waliiacha ilivyokuwa. Hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeitaja. Fleti ilichukuliwa miezi kumi baada ya siku ile ya muuguzi, na binti yao akaenda chuoni pamoja na waliokuwa nyuma yake shuleni.

Nilipokwenda kuwatembelea walikohamia, bwana alinizungusha nyumba nzima. Hatukuanzia sebuleni. Alinipeleka bafuni, akafungua mfereji hadi mwisho, na tukasimama pale wawili sisi tukiyatazama maji.