Chakula cha Samaki Hutoka Wapi?

Watu wengi wa kando ya Ziwa Victoria hudhani kwamba samaki ni mali ya maji tu. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kuwa asili yake ni jua na udongo, na ya kwamba vitu hivi viwili haviendi njia moja.

Asimamaye ufukoni Butimba siku ya utulivu huona maji yana rangi ya kijani. Rangi ile ni mimea midogo mno, isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Hunasa nguvu ya jua kama yafanyavyo mahindi shambani. Mimea huliwa na vidudu vya majini, vidudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na sangara, naye sangara huliwa nasi. Lakini kila mlaji hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kwa kuogelea na kuishi tu, na nguvu hiyo hupotea kama joto la moto uliokwisha kupikiwa. Kwa kukisia, pishi kumi za chakula huzaa pishi moja tu ya nyama. Hii ni sababu mojawapo ya dagaa wavuliwao ziwani kupita sangara kwa uzito.

Zamani Ghuba ya Mwanza ilijaa furu wa aina nyingi, wengine wakila mimea ile na takataka za topeni. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akazidi sana katika ghuba, na furu wengi wakatoweka. Wala sangara hakufa njaa. Uduvi nao hula takataka za topeni. Ukaongezeka, naye akaula. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wameonekana tena.

Na udongo je? Chumvi zake zirutubishazo mimea hazipotei kama nguvu ya jua, bali huzunguka. Samadi iliyoachwa zizini, majivu, na udongo wa mlima uliokatwa miti, vyote huchukuliwa na mvua mpaka ziwani. Huko mimea ya kijani huzidi kiasi, hufa, huzama na kuoza; na katika kuoza humaliza hewa iliyomo majini, samaki wa chini wakakosa pumzi. Gugu maji, lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, hustawi kwa chumvi hizo hizo. Mvuvi arudishapo dagaa nchi kavu hurudisha kidogo tu.

Wakara wa kisiwa cha Ukara walilitambua jambo hili zamani, kabla ya bwana shamba yeyote kuwafundisha. Walifunga ng'ombe nyumbani, wakawakatia majani, wakaichimbua samadi na kuipeleka shambani; tena walipanda kati ya uwele mimea ya jamii ya marejea, ili waifukie ardhini. Hivyo kisiwa kidogo kililisha watu wengi. Kazi yenyewe ni nzito, nasi hatuwalaumu vijana waliohama. Lakini kapu la samadi lililofukiwa mlimani ni uwele wa mwakani. Likichukuliwa na maji, ni kijani kile kile cha ufukoni.