Silaha Mikononi Mwa Watu: Sheria ya Nchi na Dhamiri ya Mwamini



Tarehe 13 Aprili 2017 ilikuwa Alhamisi Kuu. Siku hiyo, waamini walipokuwa wakiadhimisha Karamu ya Bwana, askari polisi wanane waliuawa kwa risasi wilayani Kibiti, katika Mkoa wetu wa Pwani, na silaha zao zikachukuliwa. Ndiyo siku ambayo Kanisa linakumbuka jinsi Kristo, katika bustani ya Gethsemane, alivyomwamuru Petro aurudishe upanga wake mahali pake.

Mauaji hayo hayakuwa ya kwanza wala ya mwisho. Kati ya mwaka 2016 na 2017, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na raia wengine katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga waliuawa, wengi wao kwa risasi. Serikali iliunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, na mauaji yakakoma. Hata hivyo, hofu ilibaki. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyeripoti matukio hayo, alitoweka mwezi Novemba 2017. Penye hofu ya namna hiyo, watu huogopa kusema wanachokijua, na silaha iliyofichwa huendelea kufichika.

Je, sheria yetu inasemaje? Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake. Katiba yetu haitaji haki ya kumiliki bunduki. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, silaha humilikiwa kwa leseni, na leseni hiyo hupewa mtu mahususi. Kwa hiyo gobore la marehemu baba haliwi mali halali ya mtoto kwa sababu tu amelirithi pamoja na shamba.

Maombi ya leseni huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa kabla ya kufika ngazi za juu. Utaratibu huu una hekima. Afisa aliye mkoani hawezi kujua ni nani hulewa na kutishia jirani, au ni nani humpiga mkewe. Walio mtaani wanajua. Basi kiongozi au jirani anayemsifu mwombaji asiyefaa, kwa sababu ya undugu au bahasha, anavunja Amri ya Nane, na anaweza kuwa ameshiriki kuandaa uvunjaji wa Amri ya Tano.

Tutazame pia mbali kidogo. Nchini Marekani, ambako kila jimbo lina sheria zake za silaha, zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa risasi mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Jimbo la Connecticut lilitunga sheria mwaka 1999 inayoiruhusu mahakama kuamuru mtu aliye hatarini kujidhuru, au kudhuru wengine, aondolewe silaha kwa muda. Majimbo mengine yalifuata baadaye. Funzo lake latuhusu: hatari ya bunduki haiko kwa jambazi peke yake. Imo pia ndani ya nyumba yenye ugomvi, ulevi au huzuni nzito, hata kama leseni ni halali.

Mama Kanisa hakatai ulinzi halali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2265, inafundisha kwamba kwa mwenye dhamana ya uhai wa wengine, kuwalinda ni wajibu mzito. Lakini namba 2316 inakumbusha kuwa utengenezaji na biashara ya silaha hugusa mafao ya wote, hivyo mamlaka ya umma ina haki na wajibu wa kuvisimamia. Udhibiti wa silaha, basi, ni sehemu ya kulinda uhai.

Tufanye nini? Kwanza, mwenye silaha ya halali aifungie mahali salama, mbali na watoto, na aikabidhi kwa muda anapoona nyumba yake haina amani. Pili, mwenye silaha isiyo halali aisalimishe. Serikali imekwisha kutoa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama ilivyokuwa Septemba na Oktoba 2022, na tena mwaka 2023. Vipindi vya namna hiyo vinapotangazwa, visipuuzwe. Asibebe silaha barabarani. Atoe taarifa kwanza polisi au kwa mtendaji wa kata, ili aelekezwe namna ya kuikabidhi. Tatu, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zisinyamaze zinaposikia mtu akitishia kuua au kujiua. Kutoa taarifa mapema ni tendo la huruma.

Mwenye hofu amwendee padre. Siri ya maungamo haivunjwi kamwe. Lakini ajue kwamba toba ya kweli huondoa pia chombo cha dhambi: hawezi kuomba amani madhabahuni huku bunduki isiyo halali ikimngoja chini ya kitanda.

Nabii Isaya aliona siku ambapo panga zingefuliwa kuwa majembe. Mkoa wetu, ulioonja uchungu wa risasi, una sababu ya kuanza kazi hiyo sasa. Tuwaombee marehemu wote wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, askari na raia, wapate pumziko la milele; na familia ambazo bado hazijui walipo ndugu zao, zipate ukweli na faraja.