Tulipokwenda Kumchukua Bibi Ruangwa

Kitanda kilikuwa tayari. Fundi alikileta Jumamosi, nasi tukakiweka katika chumba cha binti zetu, karibu na dirisha. Kilikuwa cha Bibi, mama mzazi wa baba watoto, anayeishi peke yake katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Jirani yake alitupigia simu kutuambia kwamba Bibi alijikwaa kizingitini akaanguka, na kwamba siku hizi haoni vizuri. Basi tukakata shauri: shule zikifungwa mwezi wa sita twende sote kwa gari, baba, mama na watoto watatu, tumchukue aje kupumzika kwetu Dar es Salaam.

Ilikuwa imepita miaka saba bila kufika kwake. Kila Krismasi tulikuwa na sababu: ada, ujenzi, gari bovu. Akina mama wenzetu, bila shaka sababu hizo mnazijua.

Njia ya kusini

Wazazi wetu walipozungumza juu ya kwenda kusini, walizungumza kama watu wanaokwenda vitani. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na wakati wa masika magari yalikwama matopeni kwa siku kadhaa. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003, na leo mtu akitoka Dar es Salaam alfajiri hufika Lindi mchana. Hata hivyo mvua bado zina nguvu. Mwezi Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Kilwa na wasafiri wakakwama.

Sisi tulipita salama. Karibu na Lindi tulinunua ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini ambayo watu wa kusini huimenya na kuitafuna njiani. Mdogo wetu aliikunja uso mwanzoni. Tulipofika Mtama alikuwa amemaliza mfuko mzima.

Tungeweza kukunja kulia pale Nanganga na kwenda moja kwa moja Ruangwa. Lakini mdogo wake Bibi anaishi Nachingwea, na kwa desturi ya Wamwera huwezi kumhamisha mama wa watu bila kuzungumza na mjomba. Kwa hiyo tukaendelea mbele: tukapita Ndanda, penye abasia na hospitali ya Wabenedikto waliofika hapo mwaka 1906 baada ya Vita vya Maji Maji, kisha Masasi, halafu tukageuka kaskazini kupitia Lukuledi.

Mji wa karanga

Mjomba alitupokea kwa furaha. Tulipomweleza nia yetu hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Leteni hao watoto niwatembeze mjini."

Akawaonyesha ilipopita reli. Watoto wakashangaa, maana hapakuwa na reli. Ndipo akawasimulia Mradi wa Karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Serikali yake ikapanga kulima karanga Tanganyika, katika zaidi ya ekari milioni tatu, huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta yaliletwa, na mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Bandari ya Mtwara ilijengwa, na reli ikaletwa hadi Nachingwea. Mpango ulikuwa mzuri sana kwenye karatasi. Lakini miti ilivunja mashine, mvua hazikunyesha kama ilivyotarajiwa, na udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwezi Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara ikawa karibu pauni milioni 36. Ile reli nayo ikang'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru, kwa kukosa mzigo.

"Na sisi tunalima karanga hapa mpaka leo," Mjomba alisema akicheka. "Kila mtu na kishamba chake. Wazungu wale walikuwa na kila kitu, ila hawakuwauliza wenyeji."

Tulicheka naye. Hatukuelewa kwamba alikuwa akizungumza nasi.

Jioni alitupeleka upande wa Farm 17, ambako wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao. Mwaka 1967 wasichana 25 wa Msumbiji walipata mafunzo ya kijeshi Nachingwea, na mmoja wao alikuwa Josina, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Yeye ndiye aliyeshughulikia watoto yatima wa vita ile. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25, akaacha mwana ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja na nusu. Hadi leo tarehe hiyo ni Siku ya Wanawake nchini Msumbiji. Binti yetu mkubwa alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mtoto wake alilelewa na nani?" Ni swali la kike. Wanawake wa namna ile huwa na wanawake wengine nyuma yao.

Swali la Bibi

Kesho yake tulifika kwa Bibi. Alikuwa ameketi kibarazani akipepeta mbaazi. "Shikamoo, Bibi," watoto wakasema kwa pamoja, naye akawapapasa nyuso mmoja mmoja, maana macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu.

Baada ya kula ugali wa muhogo na kisamvu, baba watoto alimweleza habari ya kitanda, chumba na safari ya keshokutwa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, kitanda mmenunua. Je, mlimwuliza atakayekilalia?"

Hakuna aliyejibu.

Asubuhi alitutembeza shambani kwake akishika bega la mjukuu. Ana mikorosho yake, na aliijua kwa kuigusa: huu wa mwaka fulani, huu ulipandwa na marehemu mumewe. Mingine ilikuwa imeanza kutoa maua. Msimu ukifika, korosho zake huenda chama cha msingi, huuzwa kwa mnada, naye hupata fedha zake mwenyewe bila kumwomba mtu. "Nikikaa kwenu," alisema, "nitakula vizuri. Lakini nitakuwa mgeni hadi kufa kwangu. Mkwe wangu, wewe ni mwanamke. Ungekubali?"

La hasha. Tusingekubali.

Ndipo tulipomwuliza tulichopaswa kumwuliza kabla ya kwenda kwa fundi: unataka nini? Hakutaka mengi. Macho yake yatibiwe. Kizingiti kile kibomolewe. Binti wa jirani alipwe kidogo amtekee maji. Na wajukuu waje kila mwaka, wasisubiri msiba.

Kizingiti kilibomolewa siku ile ile. Hospitalini tuliambiwa kuwa ni mtoto wa jicho, ugonjwa wa kawaida kwa wazee ambao hutibika kwa upasuaji mfupi. Bibi alikubali kuja Dar es Salaam kwa ajili hiyo tu. Alilalia kitanda chake majuma sita, akaona nyuso za wajukuu, akatukosoa namna tunavyopika mbaazi, kisha akadai nauli. Korosho zilikuwa karibu kuanguka.

Kabla hujapanga safari

Dada msomaji, kama una mzazi wako au wa mumeo kijijini, na unafikiri kumhamisha, tunakuomba mambo machache. Nenda kwanza, usiamue kwa simu. Zungumza na wakubwa wa ukoo wake. Tembea naye shambani ujue ana nini cha kuacha. Mpeleke akapimwe macho, maana wazee wengi hudhani ukungu ule ni uzee tu, wakakaa gizani bure. Na wachukue watoto wako. Wasikie historia ya kwao kutoka kinywani mwa wenyewe.

Kitanda kile bado kipo karibu na dirisha. Mwezi wa sita ujao tunakwenda Ruangwa tena, na safari hii tumepiga simu kwanza kumwuliza mwenyeji kama tunakaribishwa.